Pembe za Shangazi Yako Langoni mwa Hifadhi

Malindi, Jumamosi, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Nuru,

Niwie radhi kwa kimya changu. Najua ni ajabu baba kumwomba mwanawe radhi ya kimya ilhali wanaishi nyumba moja, na kila asubuhi mtoto hutoa shikamoo na baba huitikia marahaba. Lakini tangu siku ile baada ya Idi uliponiuliza swali lako, sikukujibu. Nilizungumza nawe habari za mvua, habari za bei ya sukari, na habari za mtaala huu mpya wa nane-nne-nne unaokwenda kuufundisha. Swali lenyewe nililiruka kama mtu arukavyo dimbwi njiani. Nawe, kwa adabu uliyolelewa nayo, hukuniuliza mara ya pili.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Wundanyi kushika kazi yako ya kwanza. Barua hii nitaitia ndani ya kikapu chako, chini ya visheti vya mamako. Usiifungue mpaka mmevuka kivuko cha Kilifi. Abiria wakishuka kupanda feri na wauza korosho wakikuzingira, vumilia kidogo. Basi likishaanza tena safari upande wa pili, fungua usome. Nimechagua mahali hapo kwa makusudi, maana ukishavuka hutaweza kurudi nyumbani kunibishia.

Habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za baridi ya milimani sitaziandika. Mamako amekwisha kukuambia, na kesho kituoni atakuambia tena mbele za watu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni swali lako.

Uliniuliza kama nikaha yako na Kassim inaweza kufungwa ndani ya hifadhi ya bahari, chini ya mivinje, na watu wachache tu. Nakiri kwamba nilidhani umeiga watalii. Nimewaona wakipita mjini wamechomwa na jua, wakitaka kufanya kila kitu ufukoni, na nikajiambia kwamba binti yangu naye amepatwa na homa hiyo. Nilikasirika, nikanyamaza. Mtu aliyezoea kusahihisha madaftari huona kwamba kukaa kimya ni namna ya kutia alama ya kosa.

Mamako ndiye aliyenifungua macho, naye hakuharakisha. Jioni moja alikuwa anachambua mchele, akaniuliza kama nakumbuka Mama Kassim alikaa wapi siku ya posa. Nikasema alikaa na wanawake wenzake. Mamako hakuinua kichwa. Akasema, "Alikaa dakani."

Nikaanza kuikumbuka siku ile. Wageni wa Gede walifika mapema kuliko tulivyowatarajia. Mama Kassim alikuja na kikapu cha machungwa, amejifunga leso mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Wanawake wa mjini walikuwa ndani, juu ya busati. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtolea neno baya. Alielekezwa pale dakani, mlangoni, akawekewa kigoda, akaletewa chai na mahamri, akashukuru. Posa ya mwanawe wa pekee ikajibiwa ndani, naye akaipata habari nje, kwa wapita njia. Mwislamu kama sisi, anayesali kama sisi. Kosa lake ni kwamba ametoka bara kidogo tu, na matamshi yake ni ya Kigiriama.

Mimi nilipita dakani mara kadhaa siku ile. Nilikuwa nahakikisha viatu vya wageni vimepangwa vizuri. Nilimwamkia yule mama, akaniitikia, nikaendelea kupanga viatu.

Mamako akaniambia maneno uliyomwambia wewe, kwamba unataka kuolewa mahali pasipo na ndani wala daka. Hapo nikaelewa. Hukuiga mtu. Ulikuwa unatafuta ardhi isiyo ya ukoo wetu wala ya ukoo wao, ambapo mama wa mumeo atakaa popote apendapo na hapatakuwa na mlango wa kumweka nyuma yake.

Ningekujibu usiku ule ule. Lakini wajua kwamba katika familia hii arusi haiendi mpaka shangazi yako Mwanahalima aseme iende. Ni dada yangu mkubwa, na mimi mwenyewe, pamoja na mvi zangu, bado huvua kofia akinikaripia. Nikaenda kwake na habari zako. Nilitarajia mvua ya mawe. Akanisikiliza, akatafuna tambuu yake, kisha akasema, "Waozeni baharini, waozeni msituni, waozeni juu ya mnazi mkipenda. Lakini vugo lisipolia, mie simo."

Hapa inanibidi nikusimulie jambo ambalo watu wa nyumba hii wamekuwa wakilicheka tangu kabla hujazaliwa, kila mara nikitoka chumbani. Afadhali ulipate kwangu.

Nilipomwoa mamako nilikuwa mwalimu kijana, na nilitaka kila jambo liende sawasawa. Niliamua kwamba tutatoka nyumbani mara tu baada ya sala, hata kama watu wengine hawajawa tayari. Shangazi yako na wenzake walikuwa bado wanajitia udi na kutafuta vijiti vya kupigia pembe za vugo. Nikasema hatungoji. Tukatoka, wanaume peke yetu, tumevaa kanzu nyeupe, tunakwenda taratibu vichochoroni, kimya, na mimi katikati nimekaza uso kwa sababu nilikuwa nahesabu muda. Wazee waliokuwa wanakunywa kahawa barazani wakatuona. Wakaweka vikombe chini, wakasimama, wakatufuata wameinamisha vichwa. Kwenye kona nyingine wakaongezeka wengine. Mmoja akamuuliza mjomba wangu kwa sauti ya huruma, "Marehemu ni nani?"

Mjomba akamwonyesha mimi.

Wakati ule ule nyuma yetu tukasikia vugo. Dada yangu alikuwa anakimbia na buibui lake begani, anapiga pembe ile ya nyati kama mtu anayefukuza mwizi, na wanawake wenzake nyuma yake wanaimba na kuhema. Wazee wa maziko wakabaki wameduwaa, halafu mmoja akaanza kucheka, na mtaa mzima ukacheka. Nilifika mbele ya kadhi nikiwa nimenuna. Nilikasirika siku yangu yote ya arusi, Nuru. Mamako ananiambia alipendeza. Watu wote wananiambia alipendeza. Mimi nakumbuka tu kwamba tulichelewa.

Basi dada yangu aliponiwekea sharti la vugo sikuwa na hoja. Nikamwomba kitu kimoja, kwamba kabla ya uamuzi twende pamoja tukapaone mahali penyewe. Na nikatuma mtu Gede kumwomba Mama Kassim afuatane nasi.

Tulikwenda siku ile ulipokuwa Mombasa kununua masweta. Mamako alibaki nyumbani ili ukirudi mapema usishuku lolote. Mama Kassim alifika asubuhi. Alipotia mguu dakani alisimama, akatazama kile kigoda, akataka kukaa. Nikamwambia, "Mama Kassim, hicho ni cha watoto. Pita ndani." Akapita. Mamako alikuwa amekwisha kumtandikia.

Tulipanda teksi, shangazi yako mbele, amepakata kifurushi kilichofungwa kwa leso. Nilidhani ni chakula. Wajua hasafiri bila kaimati hata akienda msikitini. Tukafika langoni mwa hifadhi, na aliyekuwa zamu pale, amevaa sare yake imenyooka, ni Kassim.

Alituamkia sote kwa heshima, mamake kwanza, kisha shangazi yako, kisha mimi. Akaomba kuona vifurushi, akasema ni desturi kwa kila anayeingia. Shangazi yako akafungua leso yake kwa madaha, na ndani mlikuwa na pembe mbili za nyati, nyeusi, zinang'aa kwa mafuta ya nazi. Alikusudia kwenda kuzipiga chini ya mivinje, asikie sauti yake inavyovuma mahali pale.

Wajua kwamba tangu uwindaji upigwe marufuku pembe yoyote ya mnyama wa porini ni jambo zito. Sisi sote tunalijua, maana redio imelisema mara nyingi. Lakini hakuna hata mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kufikiri kwamba vugo ni pembe. Vugo ni vugo. Hukaa juu ya kabati pamoja na mrashi na chetezo. Tulikuwa tumeibeba pembe ya nyati kwa mikono yetu na kuipeleka kwa askari wa wanyama, tukitabasamu.

Kassim alizitazama kwa muda. Kisha akasema, "Shangazi, nakuomba radhi kabla sijasema. Hizi ni pembe za nyati."

"Najua ni za nyati. Wadhani ni za mbuzi?"

"Haziwezi kuingia."

"Zilikuwa za mamangu, na kabla yake za mamake. Huyo nyati alikufa kabla babako hajazaliwa."

"Nakuamini, shangazi."

"Basi."

"Basi haziwezi kuingia."

Mama Kassim alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya leso yake. Alidhani anaishuhudia arusi ya mwanawe ikivunjika mbele ya macho yake. Shangazi yako akajivuta akawa mrefu, wajua anavyoweza, akamuuliza kijana kama anamjua yeye ni nani katika nyumba anayotaka kuoa. Kassim akasema anajua, na kwamba tangu siku ya posa hajaacha kumwomba Mungu amjalie kumpendeza.

"Na hivi ndivyo unavyonipendeza?"

"Leo nimeshindwa," akasema. Hakuinua sauti. "Lakini juzi nilimzuia mgeni hapa hapa kwa sababu ya kombe moja la baharini aliloficha mfukoni. Nikikupitisha wewe, shangazi, yule nilimwonea."

Nimefundisha watoto wa watu tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Nimewafundisha kupanga maneno, na wengi wao wanayapanga vizuri kuliko mimi. Lakini kumwambia maneno kama yale mtu ambaye ameshika furaha yako mkononi, na kumwambia kwa adabu, sikumfundisha mtu, maana sikujua kama jambo hilo linafundishika. Nilisimama pale nikajua kwamba jibu langu kwako limekwisha patikana. Kilichobaki ni kusubiri dada yangu amalize kuvimba.

Kassim akaomba ruhusa kumwita mkuu wake. Mkuu wa hifadhi ni mtu wa bara, Mkristo, mnene, mchangamfu. Alizishika pembe, akazigeuza, akasema, "Hii mama, hii pembe ni ya zamani sana, mimi naona. Lakini sheria haiulizi pembe miaka." Nilisikia makosa katika sentensi ile, mwanangu, nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza kimya changu kilikuwa na faida. Alisema angetuwekea pembe ofisini mpaka tutakapotoka, tuzirudishe nyumbani, na kuhusu siku ya arusi atawauliza wakubwa wake Mombasa kama kinaweza kupatikana kibali cha kuziingiza. Kisha akamuuliza shangazi yako zinapigwaje.

Shangazi yako akasema hazipigwi ofisini. Mkuu akasema, basi, zipigwe hapo nje, langoni. Dada yangu akamtazama kuona kama anafanyiwa mzaha, akaona hapana. Akatoa kijiti, akapiga. Akaimba beti mbili za kumtoa bwana arusi, na askari waliokuwa wanafagia njia wakaacha kufagia, na mzee wa madafu kule barabarani akaanza kupiga makofi. Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuufuata wimbo. Alipomaliza, Kassim akavua sweta lake la kazi, akazifunga pembe ndani yake kama mtu anayemfunika mtoto mchanga, akazipeleka ofisini mwenyewe. Shangazi yako alimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

Mahali ulipopachagua ni pazuri. Sitapasifu zaidi, maana wewe unapajua. Nilipima kwa hatua pale mivinje inapoachia nafasi, na watu wetu wote watakaa kwenye kivuli bila kubanana. Hakuna kuwasha moto, hakuna kuokota kitu, hakuna kuacha kitu. Hata asumini mnazotaka kuzimwaga itabidi tuziokote moja moja. Mamako amesema biriani itapikwa nyumbani na itakuja na masufuria yake.

Kisha tukapanda ile mashua yenye sakafu ya kioo. Shangazi yako amezaliwa na bahari mlangoni na hakuwahi kuiona kwa ndani. Alikaa ameushika mkono wangu kwa nguvu, anasoma aya chini kwa chini. Ndani ya mashua ile hakuna viti vya mbele wala vya nyuma, Nuru. Kuna benchi zinazokizunguka kioo, na kila mtu anainama kutazama kitu kile kile. Mama Kassim ndiye aliyeona kwanza. Akasahau woga wake wote, akampiga shangazi yako kofi la paja. "Lola, lola," akamwambia, kwa lugha ya kwao, yaani tazama. Shangazi yako akatazama. Chini yao kulipita kundi la samaki waitwao kitatange, wenye milia, na nyuma yao pono mkubwa wa kijani, anatafuna mwamba bila haraka, kama mtu anayekula muwa.

Dada yangu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mwishowe akasema, "Maisha yangu yote nimekula pono. Sikujua ana uso."

Basi wakaanza. Yule anaitwaje kwenu, yule anaitwaje kwenu, huyu anapikwa na ukwaju, huyu hapikwi kabisa. Vichwa vyao viwili viligusana juu ya kioo na mimi nikasahaulika. Nikasikia shangazi yako analalamika kuhusu pembe zake, na Mama Kassim anamwambia kwamba kwao arusi haitoki bila kayamba, na kwamba kayamba ni matete na mbegu tu, haikuwahi kuwa mnyama, haiwezi kukamatwa na askari yeyote. Shangazi yako akamuuliza kama ni kazi kujifunza. Mama Kassim akamwambia kwamba mwenye mkono wa vugo ataipata kwa siku chache. Tangu siku ile dada yangu amekwenda Gede kila Ijumaa baada ya sala. Wewe ulidhani anafuata dawa ya magoti.

Tulipotoka, Kassim alizirudisha pembe mwenyewe, na shangazi yako akazipokea bila kumtazama. Kwenye teksi alikaa akitazama dirishani mpaka tukakaribia mjini. Kisha akasema, kama anayezungumza na kioo, "Mume ambaye mimi sikuweza kumpinda, wifi wala jirani hatampinda. Mwozeni."

Hiyo ndiyo habari ya nyumba yako, Nuru. Wewe ulikuwa unafikiri tumelala.

Nimalizie na jambo moja lililonishughulisha. Siku ya nikaha, kabla sijamwendea kadhi, itanibidi nije kwako nikuulize kama wanipa idhini nikuoze. Desturi yetu inasema kwamba mwanamwali akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini, kwa sababu ya haya. Mamako alimnyamazia babake, na wote waliokuwapo wakafurahi. Lakini mimi nimekaa kimya mbele yako tangu Idi, na kimya changu hakikuwa idhini wala haya. Kilikuwa uvivu wa mtu anayeogopa kukosea. Nimeona kilivyokuumiza, hasa jioni ulizokuwa unanimiminia chai na kungoja kidogo kabla ya kuondoka. Kwa hiyo nitakapokuja kukuuliza, tafadhali usininyamazie. Nijibu kwa sauti, hata kama shangazi zako watacheka.

Na mimi nakujibu sasa, kwa maandishi, ili isiwepo shaka. Ndiyo. Hifadhini, chini ya mivinje, na watu wachache. Mama Kassim atakaa apendapo. Sitapanga viatu, maana ufukoni hakuna atakayevaa. Na safari hii nitamtazama biarusi.

Jambo moja tu halijaamuliwa, nalo liko mikononi mwa wakubwa wa Mombasa. Shangazi yako amekwisha sema kwamba yuko tayari kwa lolote, ila anataka kujua mapema auchoshe mkono gani kwa mazoezi. Kibali kikijibiwa, nitakuandikia siku ile ile, nami sitakufanya ungoje mara ya pili. Barua itakuwa fupi kuliko hii. Ndani yake utakuta neno moja: vugo, au kayamba.

Ni mimi babako,
Mwalimu Athman